Nafasi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Leo ni siku yangu ya mia mbili na kumi na moja Mtongwe,
na jembe langu limo kwenye bahasha ya kaki
likingoja barua kutoka Dodoma.

Mume wangu alihamishwa kwa mstari mmoja:
Koplo Mwakio, aripoti kambini tarehe mosi.
Lori likaja Vanga, likabeba kitanda, jiko, redio,
nami nikavuka Horohoro na begi, nikapanda juu ya magodoro.
Kwenye ile karatasi mimi sikuandikwa.

Nilizalisha Bombo miaka tisa.
Nilifika elfu moja na arobaini nikaacha kuhesabu.
Wengine mama zao walitoka Lungalunga usiku,
wakarudi asubuhi na kichanga mgongoni,
na hakuna hata mmoja aliyelia Kitanzania.

Karani ana sauti ya upole, sina ugomvi naye.
"Mama, mfumo uko chini. Kuja Jumatatu."
Nikaja Jumatatu. Nauli, feri, foleni, jua la utosi.
"Cheti hiki kinasema Mwanamkuu.
Hiki cha ndoa, Mwana, halafu Mkuu.
Nyinyi ni watu wawili?"
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Ile nafasi baina ya herufi na herufi,
ambayo hata uzi ungepita kwa taabu,
imenila miezi miwili
na kiapo mbele ya wakili wa barabara ya Digo
aliyekipiga muhuri huku akila korosho.

Bado barua ya tabia njema.
Matroni wangu amestaafu, yuko Pangani anafuga bata,
simu yake hupatikana akipanda kilimani.

"Pumzika kidogo," Mwakio huniambia,
"mshahara si upo?"
Ni mtu mwema. Huyasema hayo
akipiga pasi sare yake, mstari juu ya mstari.
Akimaliza, pasi ingali moto,
nami huipiga yangu, gauni jeupe,
lisije likageuka manjano sandukuni.
Haulizi. Huniachia meza.

Usiku wa mvua, Jerotich wa nyumba ya pili
akagonga ukuta kwa mwiko.
Mumewe baharini, wangu lindoni,
gari la wagonjwa, walisema langoni, linakuja.
Likawa linakuja, na linakuja.

Sheria naijua. Niliisoma yote, ya huku na ya kule:
bila leseni mkono wangu ni mkono tu.
Nilisimama mlangoni nikiwa na beseni
na nikajiambia, mshike bega, basi, mshike bega.
Kisha nikaona nywele.

Nilinawa mpaka viwikoni.
Kitovu kilikuwa kimezunguka shingo mara moja;
kidole kikapita chini yake, kikakivusha kichwani,
kidole hakikuuliza kiko nchi gani.
Saa kumi na dakika ishirini. Msichana.
Kimya kidogo, kile kimya ninachokijua,
halafu akautukana ulimwengu wote.

Gari likafika na kijana wa zamu, fomu mkononi, viatu vimelowa.
Alimtazama mama, akatazama kondo, akaikagua mara mbili.
"Kazi safi," akasema. "Aliyezalisha nani? Jina na namba."
Kalamu ikaning'inia.
Mimi nikawa nasuuza beseni lililokwisha kutakata.
Jerotich, toka kitandani, kwa sauti ya kukauka:
"Andika jirani."

Akaandika. Nilichungulia.
Herufi sita, zimeshikana,
hazikuacha nafasi.

Jumatatu nikavuka tena.
Mfumo ulikuwa juu. Barua ilikuwa imefika,
jina langu moja, mimi mmoja.
Karani akafungua ukurasa wa mwisho,
swali moja tu, akasema, la kawaida:
"Tangu uingie Kenya, umewahi kufanya kazi ya ukunga?"

Nilitazama kucha zangu.

"La," nikasema.
"Nimekaa na majirani."